Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri wa anga: futi 500 nazo ni anga

Kwa wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, wenye kampuni za helikopta na wakuu wa vyuo vya urubani,

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa rubani na mkufunzi wa helikopta. Sina lawama kwa ofisi moja wala kwa mtu mmoja, bali nina jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa miaka kadhaa, na sasa naona si haki kulinyamazia. Mnapopanga jinsi rubani atakavyojua mahali alipo, mnapanga mkiifikiria ndege inayopaa hadi futi 30,000 na kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kisha sisi tunaoruka futi 500 juu ya ardhi, na mara nyingi chini ya hapo, tunaachiwa kinachobaki. Zamani kilichobaki kilitutosha. Leo, kadiri vituo vya redio vya ardhini vinavyozimwa na mafunzo ya ramani yanavyopunguzwa, kinachobaki kinaelekea kuwa kitu kimoja tu, yaani mawimbi ya satelaiti, na nyuma yake hakuna kingine cha kukishika.

Niruhusuni niwasimulie safari moja ya mafunzo. Mwanafunzi wangu, kijana makini aliyekuwa amebakiza saa chache afanye mtihani wa leseni, alikuwa akienda kwa kasi ya maili 90 za baharini kwa saa, kompyuta kibao ikiwa imefungwa kwenye paja lake, na alama ndogo ya helikopta ikitambaa juu ya mstari wa njia yake. Alama ile ikasimama. Sisi tuliendelea kwenda na yeye akaendelea kuitazama, na zilipita karibu dakika mbili kabla hajatambua kwamba mto uliokuwa chini yetu haukuwa ule uliochorwa kwenye skrini. Kwa kasi ile, dakika mbili ni maili 3 za baharini. Nilimwuliza tulikuwa wapi, akafungua mdomo, akaufumba. Ramani ya karatasi ilikuwa ndani ya begi nyuma ya kiti, mikunjo yake ingali mipya, na yeye hakuwa na namna ya kuifikia, kwa sababu katika helikopta ndogo isiyo na mtambo wa kujiendesha mkono wa kulia hauwezi kuacha usukani, na wa kushoto una kazi ya wenzo wa kupandia na kushukia. Siku ile hali ya hewa ilikuwa nzuri, tukatafuta njia panda ya barabara na reli, tukajua tulipo. Lakini nilishuka nikiwa na aibu, kwa kuwa kijana yule aliruka vile vile tulivyomfundisha, na mimi ni mmoja wa waliomfundisha.

Kabla sijaenda mbali, sitaki nieleweke kuwa ninaikataa satelaiti. Mimi mwenyewe nisingependa kurudi kwenye miaka ya kabla yake. Tangu tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS, mfumo wake wa satelaiti za kuonyesha mahali, kwa watumiaji wa kiraia, rubani wa helikopta amepata kitu ambacho minara mingi ya redio haikuwahi kumpa, yaani kujua mahali alipo hata akiwa bondeni, mbali na kiwanja chochote, karibu kabisa na ardhi. Helikopta za wagonjwa zimefaidika mno. Ninachokataa ni kuifanya iwe shahidi pekee.

Tazameni jinsi vyombo vya zamani vinavyofanya kazi, mtaona kwa nini nasema tumeachwa nyuma. Kituo cha VOR, mtambo wa redio wa ardhini unaomwonyesha rubani mwelekeo, hutuma mawimbi yake kati ya megahezi 108 na 117.95, na mawimbi hayo huenda kwa mstari ulionyooka, hivyo kilima huyakata, na mpindo wa dunia huyakata pia. Kila rubani amekariri kanuni yake: chukua kipeuo cha pili cha mwinuko wako kwa futi, zidisha kwa 1.23, utapata umbali wa maili za baharini ambao kituo kilicho usawa wa chini kinaweza kukufikia. Kwa futi 10,000 jibu ni maili 123. Kwa futi 500 jibu ni maili 27 na ushee, na hiyo ni pale ambapo ardhi ni tambarare kama meza. Weka kilima kimoja katikati na sindano ya chombo cha rubani inalala.

NDB, kituo cha redio kikongwe kuliko hicho, hutumia masafa ya chini, kati ya kilohezi 190 na 1,750, na mawimbi yake hufuata mgongo wa ardhi, kwa hiyo humfikia hata aliye chini. Naijua tabia yake. Usiku sindano hutangatanga, karibu na pwani mawimbi hupinda, na kukiwa na mvua ya radi hugeuka ikaelekea kwenye radi badala ya kituo. Ndege kubwa hazikihitaji tena, nacho kinazimwa mahali pengi duniani kwa hoja hiyo hiyo, kwamba hakihitajiki. Swali langu ni rahisi. Aliyeulizwa kama kinahitajika ni nani, na alikuwa akiruka kwenye mwinuko gani?

Hata mifumo iliyotufaa zaidi imekwenda kwa njia hiyo. Decca, mfumo wa masafa ya chini uliotumiwa na meli zilizosafisha njia ya mabomu kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, baadaye ulizihudumia helikopta zilizokuwa zikienda kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kwa sababu mawimbi yake yalifika hadi usawa wa maji. Vituo vyake vya Uingereza vilizimwa mwaka 2000. Marekani ilizima Loran-C, mfumo mwingine wa masafa ya chini, mwaka 2010. Kila mara maelezo yalikuwa kwamba GPS ipo.

Na pale ambapo akiba imebakizwa kwa makusudi, imepimwa kwa kimo kisicho chetu. Marekani imepunguza vituo vyake vya VOR kwa mpango ulio wazi, ikabakiza mtandao wa kutegemewa siku satelaiti zitakaposhindwa. Ni mpango wa busara, nami ningependa kila nchi iwe na unaofanana nao. Lakini someni kipimo chake: mtandao huo umekusudiwa kupatikana kwenye futi 5,000 juu ya ardhi, ili ndege ifike kwenye kiwanja kilicho ndani ya maili 100 za baharini. Rubani wa helikopta aliye futi 500 angelazimika kwanza kupanda futi 4,500, pengine kwa kupenya mawingu ambayo chombo chake hakijaidhinishwa kuyaingia na yeye mwenyewe hajafunzwa kuyaruka. Kwake yeye akiba hiyo haipo.

Kushindwa kwa satelaiti nako si hadithi ya kutishia watoto. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yanapomfikia rubani ni dhaifu kiasi kwamba kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari kinaweza kuyafunika. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipendekeza faini ya karibu dola 32,000 kwa dereva aliyekuwa na kifaa cha namna hiyo ili mwajiri wake asijue anakokwenda. Kifaa hicho kilivuruga mtambo wa kuongozea ndege zinazotua katika uwanja wa Newark. Dereva hakuwa na nia mbaya na ndege yoyote. Alikuwa akijificha tu kwa bosi wake.

Kinachonitia hofu zaidi ni mawimbi ya uongo, yale yanayotengenezwa kwa makusudi ili kipokezi kiamini kiko mahali pengine. Mawimbi yakizuiwa, skrini hukuambia kwamba haijui. Yakighushiwa, skrini hukudanganya kwa utulivu, alama inaendelea kutambaa, na kila chombo kinachokula kutoka kwenye chungu hicho kimoja kinadanganyika pamoja: saa, ramani inayotembea, hata king'ora kinachoonya kuhusu ardhi iliyo mbele, kwa kuwa nacho hulinganisha mahali kinapoambiwa kilipo na picha ya ardhi iliyo kwenye kumbukumbu yake. Ukiwa futi 30,000 unao muda wa kushangaa na kuulizia. Ukiwa futi 300 ndani ya bonde muda huo huna.

Nimetaja kumbukumbu ya vyombo, na hapa naomba tukae kidogo. Usiku wa tarehe 14 Machi 2017 helikopta ya uokoaji aina ya S-92, yenye mwito wa Rescue 116, ilikuwa ikienda kujaza mafuta Blacksod, pwani ya magharibi ya Ayalandi. Ilikuwa futi 200 juu ya bahari, katika hali mbaya ya hewa, ikifuata njia iliyokuwa imeingizwa tayari kwenye mtambo wake wa kuongozea. Kwenye njia hiyo, karibu kabisa na nukta ya kwanza, kulikuwa na kisiwa cha Black Rock chenye kimo cha futi 282. Kisiwa hicho hakikuwemo katika kumbukumbu ya king'ora cha kuonya kuhusu ardhi. Wahudumu wote wanne walifariki. Wachunguzi waliandika kwamba wahudumu hawakujua kuwa kikwazo hicho kipo kwenye njia yao. Nimeisoma taarifa ile zaidi ya mara moja, na kila mara kinachoniumiza ni kwamba GPS siku ile haikuwa na kosa lolote. Iliwaonyesha kwa usahihi mahali walipo, juu ya picha ya dunia ambayo kisiwa hakimo.

Sasa tazameni viwango vyenu wenyewe. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 15 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, takwimu za vizuizi zinazopaswa kukusanywa kwa eneo zima la nchi, mbali na viwanja, ni za vizuizi vyenye kimo cha mita 100 au zaidi juu ya ardhi. Mita 100 ni takriban futi 330. Nyaya za umeme zinazovuka bonde, nguzo za kupimia upepo, minara mingi ya simu, winchi za ujenzi ambazo wiki iliyopita hazikuwepo, vyote hivyo vinaweza kuwa chini ya kimo hicho na visiingizwe popote. Kwa ndege inayopita juu, kipimo hicho kinatosha. Kwa helikopta inayoshuka kando ya barabara kumchukua majeruhi, hatari yote iko ndani ya hizo mita 100 ambazo hakuna aliyelazimishwa kuzihesabu. Waya wenyewe rubani hauoni. Unachokiona ni nguzo, na ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi wavuke nyaya juu ya nguzo, wala si katikati. Lakini ili uitafute nguzo lazima kwanza mtu awe amekuambia kuna njia ya umeme pale.

Nawaombeni, kwa hiyo, mshushe kipimo hicho kwa maeneo ambayo helikopta hufanya kazi kila siku: mabonde, njia za kuelekea hospitali, pwani, njia kuu za umeme. Kampuni za umeme na za simu zinajua nguzo zao zilipo hadi mita ya mwisho, kwa kuwa huzikarabati. Takwimu zipo. Kinachokosekana ni amri ya kuzitoa na ofisi ya kuzipokea, kuzihakiki na kuzichapisha katika mzunguko ule ule wa siku 28 unaotumiwa kuchapisha mabadiliko ya taarifa za usafiri wa anga.

Lipo jambo dogo lisilohitaji fedha nyingi, nalo ni namna ya kuandika mahali kwa latitudo na longitudo. Zimamoto hutumia mtindo wake, polisi wao, gari la wagonjwa lao, na rubani anapokea tarakimu kwa redio huku panga zikizunguka juu ya kichwa chake. Mtu akisoma 12.3456, yaani nyuzi na desimali zake, na mwingine akaandika nyuzi 12 na dakika 34.56, tofauti katika latitudo ni dakika 13.8, ambazo ni kilomita 25 na zaidi. Kosa la namna hiyo utaligundua, kwa sababu ni kubwa mno. Baya ni lile dogo: dakika 20.45 zikiandikwa kuwa dakika 20 na sekunde 45, unapotea mita 556 tu. Ramani inaonekana sawa, dakika za safari zinaonekana sawa, nawe unashuka usiku upande wa pili wa kilima. Chagueni mtindo mmoja, uandikeni kwenye fomu za huduma zote za dharura, na mlazimishe usomwe na kurudiwa.

Kuhusu njia za kupita mawinguni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu mnazijua. Mwongozo wa kimataifa wa urambazaji tayari una kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya helikopta, cha kubaki ndani ya maili 0.3 za baharini kutoka kwenye njia, na upo utaratibu wa kushuka kwa satelaiti hadi nukta angani iliyo karibu na hospitali, kisha rubani akamalizia kwa macho. Hauhitaji mtambo wowote ardhini. Pale palipo na mifumo ya kusahihisha GPS, kama WAAS ya Marekani tangu 2003 na EGNOS ya Ulaya ambayo huduma yake ya usalama ilifunguliwa 2011, hakuna sababu ya rubani kuendelea kujibana chini ya mawingu akifuata barabara kwa sababu tu hakuna aliyemchorea njia. Najua mtaona kwamba hapa naomba satelaiti zaidi wakati huko juu nilizilalamikia. Naomba vyote viwili: zitumiwe kikamilifu, na awepo shahidi wa pili.

Shahidi huyo wa pili, chini ya futi 500, ni rubani mwenyewe. Ni ramani, saa, dira na macho yake. Lugha yetu inakumbuka hilo, kwani kabla ya kuwapo ndege, rubani alikuwa ni yule anayeijua njia na kukiongoza chombo kuingia bandarini, akijua mwamba uko wapi na mkondo unavutia wapi. Kujua mahali ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Nasi tunaihitaji kazi hiyo kuliko wenzetu wa ndege kubwa, kwa sababu ya upepo. Upepo wa maili 20 kwa saa ukiipiga ubavuni ndege iendayo maili 450, huipotosha nyuzi mbili na nusu hivi. Upepo huo huo ukiipiga helikopta iendayo maili 90, huipotosha nyuzi 13. Ndani ya dakika 20 utakuwa umesukumwa karibu maili 7 za baharini, mwendo wa kutosha kukuingiza katika bonde jingine lenye mto unaofanana na ule ulioutarajia. Anayefuata mstari kwenye skrini haoni jambo hili kamwe, kwa kuwa mashine inamsahihisha kimyakimya. Hajui upepo unatoka wapi wala una nguvu gani, na siku mashine ikinyamaza hana pa kuanzia hesabu. Aliyefundishwa hujua upepo wake kila dakika. Huweka saa anapovuka reli. Hujua kwamba akijikuta maili 1 nje ya njia baada ya maili 60, amekosea nyuzi 1, na kwamba maili 2 baada ya maili 30 ni nyuzi 4, hesabu inayofanyika kichwani bila kuachia usukani. Husoma kutoka kwenye ramani kwenda kwenye ardhi, akijiambia kwamba dakika mbili zijazo nitaona daraja kushoto, wala si kutoka kwenye ardhi kwenda kwenye ramani, kwa maana ukianza kutafuta kwenye ramani kitu kinachofanana na ulichokiona, utakipata popote unapotaka.

Ufundi huu haudumu kwa somo moja la darasani. Hupotea usipotumika, kama lugha. Ninachowaomba wakuu wa mamlaka ni kwamba katika kila ukaguzi wa rubani wa helikopta, si wa leseni ya kwanza tu bali na wa kila mwaka, kuwe na sehemu ya safari inayorukwa skrini zote za satelaiti zikiwa zimefunikwa, ikiwa na mabadiliko ya ghafla ya njia, na kwamba kufeli hapo kuhesabiwe kuwa ni kufeli. Wakuu wa vyuo, nawaombeni msimpe mwanafunzi kompyuta kibao hadi awe amefika kwa ramani na saa pale alipotumwa, mara kadhaa, kwenye upepo. Na wenye kampuni, ramani ikunjwe ikiwa upande wa njia ya siku hiyo na ikae gotini, mahali ambapo mkono unafika. Rubani anayerudi kwa sababu vyombo vyake viwili vya mahali havikubaliani asiulizwe gharama ya mafuta.

Ombi la mwisho ni la taarifa. Mawimbi ya satelaiti yakivurugika, rubani wa ndege kubwa huripoti na mwongozaji humwelekeza kwa rada. Sisi chini ya rada tunaripoti kwa nani? Wengi hawaripoti popote, hudhani kifaa chao kimeharibika. Fungueni njia moja fupi ya kupokea taarifa hizo kutoka kwa walio chini, na mzirudishe kwetu siku hiyo hiyo, ili anayeondoka jioni ajue kilichompata aliyeondoka asubuhi.

Kabla hamjatia saini ya kuzima kituo kinachofuata, nawaalika mje turuke pamoja. Kiti kimoja kitakuwa chenu. Tutaondoka kwa njia ambayo helikopta ya wagonjwa huipita, futi 500, skrini ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, na tutatega masafa ya kituo hicho tuone kama sindano yake inaamka kabla hatujakipita. Mje na orodha yenu, muandike mbele ya kila kituo kile mtakachokiona kwa macho yenu.

Wenu katika kazi hii,

Rubani na mkufunzi wa helikopta